Bosibori Ambaye Ng'ombe Wake Walirudishwa

Mbele ya Inspekta Mogire, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulisimamishwa kwa kigae, palikuwa na vitu vitatu: karatasi ya mtihani wa Kiingereza, orodha ya alama, na barua isiyokuwa na jina la aliyeiandika. Alikuwa amevisoma vyote mara tatu. Chai yake ilipoa kikombeni na hakujali. Alikuwa mtu wa kupenda kazi yake, na kesi isiyokuwa na damu wala panga ilimjia kama sikukuu.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Julai, mwaka 1971. Afisa Elimu wa wilaya alikuwa amemletea vitu hivyo pale Kisii mwenyewe, akamwachia na muda: Ijumaa, saa sita mchana, awe na jibu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Madarasa ya saba ya wilaya nzima yalikuwa yamefanya mtihani wa majaribio. Sehemu moja iliwataka watoto wachukue sentensi mbili waziunganishe kuwa moja kwa who, which, whose na wenzao, maneno ambayo Mswahili huyamaliza kwa ambaye na ambayo akaenda zake. Watoto wengi waliambulia mbili au tatu katika kumi. Shule ya Getarebo, kule upande wa Mosocho, ambayo ilikuwa imeongoza kwa Kiingereza miaka minne mfululizo, ilipata wastani wa sita. Lakini kwenye shule moja ndogo ya mabati iitwayo Kegorora, mlimani juu ya Birongo, watoto thelathini na wanne walipata kumi. Wote, hata yule aliyeondoka na sifuri katika hesabu.

Wiki moja baadaye ikaja barua. Ilikuwa ya Kiswahili, kwa herufi kubwa zilizolala ovyo, za mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea.

"MWALIMU WA KEGORORA ALINUNUA MTIHANI KWA MHINDI MJINI. ALIONEKANA AKITOKA DUKANI NA FURUSHI. NI BOSIBORI AMBAYE NG'OMBE WAKE WALIRUDISHWA. MIMI MPENDA HAKI."

Afisa Elimu hakuficha kitakachofuata. Ikithibitika, mwalimu Esnah Bosibori atafutwa kazi asifundishe tena popote Kenya, na watoto wake wote watazuiwa wasifanye mtihani wa serikali mwezi wa Novemba. Kwa mtoto wa kilima kile, mtihani wa Novemba ulikuwa mlango mmoja tu uliokuwepo. Ukifungwa, ni kurudi kuchuma chai na kupalilia migomba, na hakuna anayekuuliza ulikuwa hodari wa nini.

Mogire alitazama tena zile kumi thelathini na nne. Yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa viboko vinne kwa ajili ya whose akiwa darasa la sita, na mpaka leo aliikwepa katika ripoti zake. Palipohitaji moja, aliandika sentensi mbili fupi, akaweka nukta, akapumua. Hakuamini kwamba kuna darasa zima duniani lililopatana na neno lile.

Alianzia dukani. Mzee Bhupendra aliuza daftari, wino na kalenda katika barabara kuu ya Kisii, na nyuma ya duka alikuwa na mashine ya kuchapisha kwa stensili, ile ya kuzungusha mpini, iliyochapa kila kitu wilayani kuanzia matangazo ya chai hadi mitihani. Mwanawe Yashwant ndiye aliyeizungusha. Mogire alipoisoma barua kwa sauti, mzee alivua miwani akaifuta na ncha ya shati, akaivaa tena.

"Bwana Inspekta," alisema, "mimi nakaa Kisii tangu mwaka thelathini na nane. Niuze karatasi moja, nipoteze duka yote? Hiyo biashara gani?"

Yashwant hakukasirika. Alisema anamjua mwalimu huyo vizuri, na furushi ni kweli. Kila mashine inapoanza kazi huharibu karatasi: wino unamwagika upande mmoja, upande wa pili unabaki safi. Maduka mengine hufungia sukari. Yule mwalimu huja kuzichukua azitumie darasani, na yeye humfungia kwa kamba ya katani.

Mogire akauliza alikuja lini mara ya mwisho. Yashwant akakuna kidevu. Tarehe haikumjia.

"Lakini ilikuwa kabla ya harusi ya Bharti," alisema. "Dada yangu. Hata mwalimu alimpelekea mkungu wa ndizi."

"Na mtihani uliletwa lini?"

"Baada ya harusi. Tulifunga duka wiki nzima. Tulipofungua tu, karani wa elimu huyo hapo mlangoni na bahasha yake."

Mogire aliandika hilo kwa furaha. Shahidi husahau tarehe, husahau siku, lakini harusi ya dada yake haisahau. Alivuka barabara hadi ofisi ya elimu akamkuta karani, na karani akasema yale yale bila kuulizwa mara mbili: alipeleka bahasha Jumatano baada ya harusi, akakaa juu ya kigoda kando ya mashine mpaka nakala ya mwisho, akazichoma stensili na karatasi zilizoharibika uani kwa mkono wake, akakoroga jivu.

Basi furushi lilitoka dukani zaidi ya wiki kabla mtihani haujaingia. Njia ya dukani ikazibwa. Lakini Mogire hakuwa mtu wa kushangilia mapema. Duka kuwa safi hakumfanyi mwalimu awe safi, na zile kumi bado zilikuwa pale pale zikimkodolea macho.

Jumanne alipanda Birongo. Mvua ya jana ilikuwa imeacha utelezi, akaliacha gari la polisi sokoni ili amalizie kwa miguu. Alitaka kwanza kusikia watu wanasema nini juu ya mwalimu, na sokoni hakuna anayejua kuliko mwenye ndizi. Huyo alikuwa bibi mmoja aliyeitwa Nyamoita, aliyekaa mbele ya mikungu yake amenyoosha miguu. Mogire alimwamkia kwa Kikisii, kwa heshima zote, akasema anamtafuta Bosibori.

"Bosibori yupi?" aliuliza Nyamoita.

Mogire alingoja, na bibi akamhesabia vidoleni. Kuna Bosibori ambaye mumewe anashona viatu. Kuna Bosibori ambaye alizaa pacha mara mbili. Kuna Bosibori ambaye jiko lake liliungua siku ya ubatizo. Halafu kuna mwalimu, Bosibori ambaye huokota karatasi.

"Na Bosibori ambaye ng'ombe wake walirudishwa?"

Bibi akafikiri. Akamuuliza mwenye nyanya kushoto, akamuuliza mwenye vyungu kulia. Wote wakatikisa vichwa. "Huyo si wa huku," alisema. "Na wewe ni nani?"

"Mogire."

"Mogire yupi?"

Alifungua kinywa aseme inspekta, bibi akaipunga kwa mkono kama nzi. Hiyo ni kazi, alisema, kazi kila mtu anayo. Yeye anamuuliza ni Mogire yupi. Mogire alisimama pale na miaka yake kumi na minane ya upolisi, akitafuta yeye ni Mogire yupi.

"Haya, nenda," alisema Nyamoita kwa upole. "Tutaona."

Mgeni angemwona bibi huyu ni mchokozi, lakini Mogire alizaliwa katika nchi hiyo na alijua. Kwa Wakisii mtoto hupewa jina la mzee aliyetangulia, na wazee waliotangulia ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo kilima kimoja huwa na akina Ogari kumi na akina Nyanchera ishirini. Ukitaja jina umesema nusu. Nusu nyingine ni ambaye. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu utotoni, na ndiyo sababu hakulitilia maanani alipokuwa akipanda mlima.

Mwalimu Esnah Bosibori alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwenye kicheko kilichotangulia maneno yake. Siku hiyo hakucheka. Habari ya barua ilikuwa imemfikia, na mikono yake ilikuwa imeshika kitambaa cha kufutia ubao kana kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya. Alimfungulia kabati kabla hajaombwa.

Ndani mlikuwa na karatasi zilizokatwa vipande vya upana wa kiganja, mamia kwa mamia, zimepangwa kwa majina ya watoto. Mogire aliketi akazipitia moja moja, akisoma mgongo wa kila kipande. Akakuta matangazo ya mkutano wa wakulima wa chai, vipande vya ratiba ya harusi ya Bharti vyenye wino uliomwagika, bei za mbolea. Mtihani haukuwemo hata mstari mmoja. Mbele ya kila kipande kulikuwa na mwandiko wa mtoto, sentensi moja moja ya Kiingereza.

"Mwalimu," alisema, "nieleze. Thelathini na wanne, kumi kwa kumi. Ungekuwa wewe ni mimi, ungeamini?"

"Nisingeamini," alisema Esnah. "Kesho njoo saa mbili, ninapoita majina. Kaa nyuma. Usiseme kitu."

Jumatano saa mbili alikuwa amekaa nyuma, magoti yamegonga dawati. Esnah akafungua kitabu cha mahudhurio.

"Nyanchera," aliita.

Wasichana sita wakasimama pamoja. Wa kwanza akasema kwa Kiingereza safi, "I am Nyanchera whose grandmother hides sugar from the chief." Darasa likamcheka bibi huyo anayemficha chifu sukari. Wa pili akasema yeye ni Nyanchera who fell into the river which has no fish, aliyetumbukia katika mto usio na samaki. Wa tatu alitaja dada aliyeolewa na nyumba ambayo mlango wake unaangalia choo. Wakaendelea hivyo mpaka wa sita, kila mmoja na lake, na yeyote aliyerudia la jana alibaki amesimama mpaka apate jipya. Kisha wakaitwa akina Ogari, wanne. Kisha akina Ratemo, watatu. Hata mtoto ambaye jina lake lilikuwa peke yake hakusamehewa.

Mogire alisikia nywele za kisogo zikimsimama kwa raha. Ilikuwa ni soko la Birongo lile lile, ni swali la bibi Nyamoita lile lile, limevikwa Kiingereza.

Wakati wa mapumziko Esnah alimweleza. Miaka mitatu nyuma, alipokabidhiwa watoto hawa, alikuta mwalimu aliyemtangulia amewaandika Nyanchera wa Kwanza, Nyanchera wa Pili, mpaka wa Sita. Nyanchera wa Sita alimjia akilia kwamba yeye si namba. Mwalimu akaona ni haki. Akawauliza, nyumbani mnatofautishwaje? Wakamwambia. Basi semeni hivyo hivyo kwa Kiingereza, alisema, kila asubuhi, na mkiishiwa andikeni katika karatasi. Hakuwafundisha kanuni yoyote mpaka mwaka wa pili, na alipoifundisha wakamshangaa kwamba kitu hiki kina jina.

Moyo wa Mogire ulikuwa umekwisha kuamini, lakini mpelelezi hakai kwa moyo. Alimwomba mwalimu atoke nje. Akaandika ubaoni jozi kumi za sentensi alizozitunga usiku uliopita kwa shida kubwa, akazirekebisha mara mbili baada ya msichana wa mbele kumwonyesha kosa, kisha akawapa watoto nusu saa. Akasahihisha mwenyewe, kitabu cha sarufi kikiwa pajani. Thelathini na wawili walipata kumi. Wawili walipata tisa, na mmoja wao alikuwa ameruka swali kwa sababu alikuwa akichungulia gari la polisi kule chini.

Alimwita Esnah ndani, akamwonyesha karatasi. Esnah alizitazama, halafu akaketi juu ya dawati la mtoto na kulia kidogo, bila sauti, kama mtu anayetua mzigo. Mogire akatazama dirishani mpaka alipomaliza.

"Limebaki moja," alisema. Akaikunjua barua, akaweka kidole chini ya mstari. "Huku hakuna anayekujua kwa jina hili. Nimeuliza soko zima."

Esnah alisoma, na uso ukabadilika. "Hapana. Hili si la Birongo. Hili ni la nyumbani, Nyakoe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Inspekta, watoto wangu ni safi?"

"Safi."

"Basi mengine sitayasema mimi," alisema, akaenda kupiga kengele.

Mogire alishuka mlima taratibu akilichambua jambo hilo. Mtu ana majina mengi kama ana mahali pengi. Sokoni Birongo yeye ni wa kuokota karatasi. Dukani kwa Bhupendra pengine ni yule wa mkungu wa ndizi. Anayemtofautisha mwenzake hutumia alama inayoonekana kutoka pale alipokaa yeye. Mwandishi wa barua alikuwa amebadilisha mkono, amebadilisha mwandiko, ameficha jina. Lakini alipofika kwenye Bosibori, hakuweza kumwacha nusu. Aliongeza ambaye, kama alivyozoea kwao, na ambaye ile ilikuwa imebeba anwani yake.

Saa saba alikuwa Nyakoe. Kaka yake mwalimu, aliyeitwa Ombui, alikuwa akiegemeza migomba kwa miti na hakuona sababu ya kuficha jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Mwaka 1958 Esnah aliposwa. Ng'ombe saba wa mahari wakaletwa, fahali mmoja na majike sita, wakalala zizini siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ikaja barua ya Esnah kuitwa chuo cha ualimu. Msichana akamwambia baba yake kwamba akiolewa sasa atakufa. Mzee wao, ambaye watu walimdhania ni mgumu, aliwaswaga ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe mchana kweupe, barabara nzima ikitazama, akawarudisha Mosocho.

"Kwa nani?"

"Kwa baba yake Nyasani," alisema Ombui. "Huyu Nyasani ambaye sasa ni mwalimu mkuu wa Getarebo. Si unamjua?"

Mogire hakumjua kwa uso, lakini jina la Getarebo lilikuwa katika orodha ya alama, la pili kutoka juu, mahali ambapo kwa miaka minne halikuwa limezoea kukaa.

Alimkuta Nyasani ofisini kwake, nje ya Mosocho, amezungukwa na vikombe vya ushindi vilivyong'arishwa. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka thelathini na saba, tai imekazwa, na alimkaribisha mgeni kwa soda. Mogire alisema amekuja kuomba msaada. Akazungumza juu ya mvua, juu ya bei ya chai, juu ya ugumu wa kufundisha Kiingereza. Nyasani akakubaliana naye kwa yote. Alikiri pia, alipoulizwa kama kwa bahati, kwamba mwezi uliopita alikwenda kwa Bhupendra kununua chaki.

"Sasa nina shida moja," alisema Mogire. "Natafuta mwalimu aitwaye Bosibori. Nimefika Birongo nimeambiwa wako wanne. Nisaidie, mwalimu, ni Bosibori yupi?"

"Bosibori ambaye," alianza Nyasani, akanyamaza.

Mogire alikunywa soda. Nje watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba. Nyasani aliangalia vikombe vyake, akaangalia mlango, kisha akalegeza tai.

"Ambaye nini?" aliuliza Mogire.

"Umekwisha kujua."

"Nataka kusikia."

"Ambaye ng'ombe wake walirudishwa," alisema Nyasani. Sauti ilikuwa ndogo. "Lakini ng'ombe walikuwa wangu, Inspekta. Yeye alikwenda chuoni, akaolewa huko, akapata majina mengine. Mimi nilibaki hapa. Miaka kumi na mitatu nikipita sokoni Mosocho, mtu akiuliza Nyasani yupi, unajua wanasema nini? Hawajali cheti, hawajali vikombe. Nyasani ambaye ng'ombe wake walirudishwa. Hata wazazi wa watoto ninaowafundisha."

Mogire alimwuliza kama alimwona Esnah akinunua mtihani. Nyasani akasema hapana. Aliona furushi. Halafu akaona matokeo, na furushi na matokeo vikaungana kichwani mwake usiku mmoja, na asubuhi barua ilikuwa imeshaandikwa. Hakuwa ameamini sana, alisema, ila alitaka iwe hivyo. Sasa angepokonywa shule. Lakini alichouliza hakikuwa shule.

"Ukiandika jina langu," alisema, "watoto wangu wataitwaje?"

Mogire aliimaliza soda yake. Alimwambia tu kwamba kesho saa mbili awe Kegorora, na asivae tai.

Alhamisi Nyasani alikuja kwa miguu kutoka sokoni. Alisimama mbele ya Esnah chini ya paa la mabati, akayasema yote mwenyewe, bila kupunguza, na bila kutaja mapepo wala pombe kama wengi wafanyavyo. Esnah alimsikiliza huku akikunja na kukunjua kile kitambaa cha ubao. Mwanzoni alikasirika, na alisema hivyo wazi: watoto wake wangerudi mashambani kwa sababu ya ng'ombe waliokufa zamani. Nyasani akasema ndiyo. Esnah akakitupia begani kile kitambaa. Kisha akamgeukia Mogire.

"Inspekta, ripoti yako inataka nini?"

"Inataka ukweli juu ya mtihani. Juu ya barua, Afisa Elimu ataniuliza kwa mdomo."

"Basi andika ya mtihani. Hii nyingine ikae hapa," alisema Esnah. "Ameitwa jina moja miaka kumi na mitatu. Mimi najua jina likimkaa mtu vibaya linafanya nini, nimefundisha Nyanchera wa Sita. Sitampa la pili." Halafu akamwambia Nyasani kwamba kama anataka kujua kumi zinapatikanaje, kiti cha nyuma kiko wazi, aketi, majina yanaitwa sasa.

Akaketi. Mogire aliondoka wakati Ogari wa tatu akijieleza kwamba yeye ndiye ambaye fahali wake anaogopa kuku, na mwalimu mkuu wa Getarebo alikuwa ametoa kalamu anaandika.

Ijumaa saa tano ripoti ilikuwa mezani pa Afisa Elimu, kurasa mbili za Kiingereza. Hakuna mtihani ulioibwa wala kuuzwa. Barua haikuwa na msingi. Katika mstari wa mwisho Mogire aliandika kwamba hawa ni watoto whose teacher deserves thanks, ambao mwalimu wao anastahili shukrani, akaitazama whose yake kwa muda, akaiacha. Afisa Elimu alisoma, akauliza mwandishi wa barua ni nani. Mogire akasema ni mtu ambaye ameshalipa, naye yuko tayari kumtaja kwa mdomo kama afisa ataona ni lazima. Afisa, aliyekuwa na mitihani mia mbili ya kufikiria, aliona si lazima. Watoto thelathini na wanne wakaingia katika orodha ya Novemba kwa muhuri.

Ni Mogire mwenyewe aliyepeleka nakala ya orodha hiyo Birongo, Jumanne iliyofuata. Habari zilikuwa zimemtangulia. Soko zima lilijua kwamba inspekta alikuja na gari, akapekua kabati, akaenda Nyakoe, akaenda Mosocho, akatumia petroli ya serikali wiki nzima, na mwisho hakumkamata hata kuku. Wengine walimcheka waziwazi, kwa upendo. Angeweza kuwajibu kwa neno moja tu, na neno hilo alikuwa nalo mfukoni, limekunjwa katika ile barua ya herufi kubwa zilizolala ovyo.

Alisimama mbele ya bibi Nyamoita akachagua mkungu wa ndizi. Mwenye nyanya akainama akamuuliza bibi, huyu ni nani.

"Huyu? Mogire."

"Mogire yupi?"

Nyamoita alimtazama juu mpaka chini, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mogire ambaye alitafuta mwizi akamkosa."

Mogire alitwaa ndizi zake, akamshukuru bibi, na akaanza kupanda mlima kwenda shuleni, orodha mfukoni, akiwa na jina kamili.